Bunduki za upepo za kaliba kubwa kwa uwindaji: nguvu kiasi gani, na ulenge kwa kutumia nini?

Wakuu, salaam.

Naishi Texas kwa miaka kadhaa sasa, na kila msimu wa kulungu unapokaribia hupokea maswali yale yale kutoka kwa ndugu zetu wa huku wanaotaka kununua bunduki ya upepo ya kaliba kubwa. Wa kwanza huuliza ipi ina nguvu kuliko zote, na wa pili huuliza aweke darubini gani juu yake, kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naamini ni jambo moja. Risasi ya bunduki hizi huenda polepole na huchora upinde mkubwa njiani, kwa hiyo nguvu yenye faida kwako ni ile tu ambayo kilengeo chako kinaweza kuifikisha mahali panapostahili kwenye mwili wa mnyama. Nguvu inayozidi hapo hukuongezea umbali wa kujeruhi.

Sizungumzii zile bunduki za kukunja mtutu tulizopigia njiwa utotoni, za kaliba .177 na .22 (kaliba ni upana wa tundu la mtutu kwa inchi), ambazo spiringi husukuma pistoni. Nazungumzia bunduki zenye mtungi wake, zinazojazwa upepo kwa presha ya PSI (pauni kwa inchi ya mraba) 3000 hadi 4500 kabla ya kwenda porini, zenye mtutu wa kuanzia .30 hadi .50 na zaidi. Wala si uvumbuzi wa jana. Jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya upepo ya Girandoni karibu mwaka 1780, ikiwa na kaliba ya karibu .46 na mtungi wa upepo uliokuwa ndiyo kitako chenyewe. Meriwether Lewis naye alisafiri na bunduki ya upepo katika safari ya Lewis na Clark ya kuchunguza magharibi ya Amerika, 1803 hadi 1806, akawa anawaonyesha wenyeji waliokutana nao njiani.

Nguvu ya risasi hupatikana kwa nusu ya uzito ukizidishwa kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Wamarekani huihesabu kwa futi-pauni: chukua uzito kwa greni, zidisha kwa kasi ya futi kwa sekunde, zidisha tena kwa kasi hiyo hiyo, kisha gawanya kwa 450,240. Risasi ya .45 yenye greni 350, yaani gramu 22.7 hivi, ikitoka kwa futi 800 kwa sekunde, sawa na mita 244, hubeba futi-pauni 497, ambazo ni karibu jouli 674. Hilo ndilo daraja la bunduki kama Texan ya .45, inayotengenezwa na AirForce pale Fort Worth tangu 2015. Umarex Hammer ya .50 hurusha risasi ya greni 550 kwa futi 760, na ukipiga hesabu hiyo hiyo utapata takriban 705. Kwa kulinganisha, bunduki ya baruti ya .308 hutoa karibu futi-pauni 2600. Anayedhani kwamba amenunua mbadala wa .308 usio na kelele ajirekebishe mapema.

Nguvu hii inatoka wapi? Upepo wa presha ya bar 200, yaani PSI 2900 hivi, ukisukuma kitako cha risasi ya .457, ambacho kina eneo la karibu milimita 106 za mraba, hutoa msukumo wa nyutoni 2,100 hivi. Presha hiyo hiyo kwenye risasi ya .22 hutoa nyutoni 475 tu. Ndiyo maana kaliba inahesabika zaidi kuliko presha: ukiongeza kipenyo mara mbili, unaongeza msukumo mara nne. Sasa zidisha nyutoni 2,100 kwa urefu wa mtutu wa sentimita 86, utapata jouli 1,800 kama presha ingebaki ile ile mpaka mdomoni. Lakini haibaki. Upepo hutanuka, vali (mlango wa kutolea upepo mtungini) hujifunga, sehemu ya upepo hutumika kujisukuma yenyewe, na risasi hutoka na kiasi kinachozidi kidogo theluthi moja ya hizo. Kwa hiyo anayetaka nguvu halisi atazame kwanza kaliba, halafu urefu wa mtutu, halafu ukubwa wa vali na njia ya kupitishia upepo, na presha ya mtungi aitazame mwisho. Mtutu mfupi kwenye bunduki ya upepo ni hasara kubwa kuliko kwenye bunduki ya baruti, na sijawahi kuona mtengenezaji aliyeikwepa hasara hiyo bure.

Jambo jingine ambalo wageni hawalitarajii ni kwamba risasi nzito hutoka na nguvu nyingi zaidi kuliko nyepesi, ingawa vali na presha ni zile zile. Risasi nyepesi hukimbia na kutoka mtutuni kabla upepo haujamaliza kazi yake, lakini nzito hukaa mtutuni muda mrefu zaidi, na upepo huendelea kuisukuma. Ukiona tangazo la kasi kubwa ya kushangaza, angalia uzito wa risasi waliyotumia. Na kasi yenyewe si lazima uitamani. Sauti husafiri karibu mita 343, yaani futi 1,125, kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi joto 20, na risasi inayokaribia au kuvuka kasi hiyo huyumba inapopungua tena njiani, mbali na mlio mkali inaouacha. Risasi nzito inayotoka kati ya futi 700 na 900 kwa sekunde hutulia zaidi.

Kuhusu sheria, nitasema ya hapa ninapoishi. Tangu 2018 Texas inaruhusu kuwinda kulungu kwa bunduki ya upepo inayojazwa kabla, mradi kaliba isipungue .30, na risasi iwe na angalau greni 150 kwa kasi isiyopungua futi 800 kwa sekunde, au uzito na kasi vyovyote vinavyotoa angalau futi-pauni 215. Piga hesabu mwenyewe: greni 150 kwa futi 800 ni 213. Kwa hiyo bunduki ya .357 inayotoa futi-pauni 200 haitoshi kwa kipimo chochote kati ya hivyo viwili, hata kama muuzaji ameandika kwenye boksi kwamba ni ya kulungu. Pima kwa kipima kasi, kwa risasi utakayowindia, wala usitegemee boksi. Nguruwe pori ni habari tofauti. Tangu Septemba 2019 huhitaji hata leseni kuwawinda kwenye shamba la mtu binafsi ukiwa na ruhusa ya mwenye shamba. Majimbo mengine yana masharti yao. Missouri, kwa mfano, inataka kaliba isiyopungua .40 kwa kulungu.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, nacho ni upinde. Chukua ile risasi ya greni 350 kwa futi 800. Weka darubini sentimita 6 juu ya mtutu, na uirekebishe ipige sawasawa kwa mita 50. Kwa hesabu yangu, ambayo nimeihakiki kwenye karatasi za shabaha, kwa mita 75 risasi hupiga takriban sentimita 14 chini ya pale ulipolenga. Kwa mita 85 huwa chini kwa sentimita 23, na kwa mita 100 inapita sentimita 40. Tazama pengo la kati ya 75 na 85: umekosea umbali kwa hatua kumi, na risasi imeshuka sentimita tisa zaidi. Kwa kulungu wa Texas, ambaye moyo na mapafu yake vinakaa kwenye eneo la upana wa sahani ya chakula, sentimita tisa ni tofauti ya kumlaza na kumvunja mguu.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Jioni moja nilimwona nguruwe jike ukingoni mwa shamba la mtama, nikakadiria kwa macho kwamba yuko mita 70, nikalenga kwa umbali huo na kufyatua. Nilipopima baadaye, alikuwa amesimama mita 85. Risasi ilimpiga chini ya kifua. Nilimfuata kwa tochi mpaka usiku wa manane, nikampata kesho yake asubuhi akiwa amekufa vichakani, na nyama haikufaa tena. Bunduki ilikuwa na nguvu ya kutosha kumlaza palepale. Kilichokosekana ni kipima umbali cha leza, kifaa cha bei ndogo kuliko hata mtungi wa akiba. Tangu siku hiyo sikiachi nyumbani, na namshauri kila anayeanza akinunue kabla ya darubini yenyewe.

Upinde huo una mwenzake, nao ni kushuka kwa presha. Bunduki hizi hunywa upepo mwingi, hivyo mtungi mmoja hukupa risasi chache tu zinazofaa, mara nyingi mbili hadi nne. Tuseme ya kwanza imetoka kwa futi 790, ya pili 778, na ya nne 712. Kwa mita 75, ya pili itapiga chini ya ile ya kwanza kwa sentimita moja na nusu hivi, na hilo halina madhara. Ya nne itapiga karibu sentimita 12 chini, ilhali hujagusa darubini. Ndiyo sababu sipendi kuulizwa tu bunduki inatoa futi-pauni ngapi. Swali lenye maana ni kwamba inatoa ngapi kwenye risasi ya pili na ya tatu.

Zipo njia mbili za kutibu hali hiyo. Ya kwanza ni regulata, inayotunza upepo wa presha kubwa kwenye mtungi na kuipa vali presha moja ile ile kila mara, kama ilivyo kwenye Hammer, yenye mtungi wa PSI 4500 na regulata ya PSI 3000. Ya pili ni kurekebisha nyundo, kile kipande kinachogonga vali ili ifunguke. Kwenye bunduki isiyo na regulata, presha ya mtungi ndiyo inayoifunga vali, hivyo mtungi uliojaa kupita kiasi huifanya vali ifunguke kwa shida, na risasi ya kwanza huweza kuwa dhaifu kuliko ya pili. Ukikaza au kulegeza spiringi ya nyundo kidogo kidogo, huku ukiandika kasi ya kila risasi, utapata presha ya kuanzia ambapo risasi mbili au tatu zinafuatana kwa kasi inayokaribiana. Hapo ndipo bunduki yako inapoishi, hata kama ni pungufu ya nguvu yake ya juu kabisa. Mimi nilipunguza ya kwangu kwa makusudi, nikapoteza futi-pauni kama 40, na nikapata risasi ya tatu ninayoweza kuiamini. Sijajuta.

Darubini, basi. Kwanza niwaondoe hofu: ile habari ya bunduki za upepo kuvunja darubini ni ya bunduki za spiringi, ambazo hurudi nyuma kisha hupiga mbele kwa ghafla. Bunduki ya mtungi hairudi mbele hivyo, na darubini yoyote iliyotengenezwa vizuri itavumilia. Lakini darubini nyingi za bunduki za baruti zimepangwa zionyeshe bila paralaksi (yaani alama kuhama juu ya shabaha ukisogeza jicho) kwa yadi 100, na wewe utapiga kati ya mita 25 na 80. Tafuta yenye kirekebisho cha paralaksi kinachoshuka angalau hadi mita 20. Ukuzaji wa mara 3 hadi 9, au 4 hadi 12, unatosha kabisa. Alfajiri na jioni, ambapo wanyama hutembea, ukuzaji mkubwa hupunguza mwanga: lenzi ya milimita 40 kwa ukuzaji wa mara 4 hukupa mduara wa mwanga wa milimita 10, lakini kwa mara 12 hukupa milimita tatu na kitu, na kulungu anageuka kivuli ndani ya vivuli.

Kinachofanya kazi zaidi kuliko ukuzaji ni mistari ya kulengea yenye alama za mili. Mili moja ni sentimita 10 kwa mita 100, na sentimita 7.5 kwa mita 75. Kwa risasi yetu ya mfano, mita 75 ni mili 1.9, mita 85 ni mili 2.75, na mita 100 ni mili nne na zaidi kidogo. Andika namba hizo kwenye kipande cha karatasi, zibandike kitakoni, na usizikariri, kwa maana moyo ukienda mbio kumbukumbu huondoka. Kama alama za darubini yako hazikui pamoja na picha unapozungusha ukuzaji, basi namba hizo ni za kweli kwa ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu. Jua ni upi, uuwekee alama ya rangi.

Doti nyekundu, kilengeo kisicho na ukuzaji chenye nukta ya mwanga, ni nzuri kwa anayewinda nguruwe karibu, kwenye vichaka, ndani ya mita 40. Doti ya dakika tatu za pembe hufunika sentimita tisa hivi kwa mita 100 na nusu yake kwa mita 50, kwa hiyo kwa umbali wa karibu haikuzuii. Zaidi ya hapo huna alama ya kufidia mshuko, nami nisingeiweka kwenye bunduki ya kulungu.

NYONGEZA, baada ya maswali yaliyokuja hapo chini.

Ndugu aliyeuliza kama futi-pauni 500 zinatosha kwa nguruwe mkubwa: zinatosha, lakini elewa zinavyoua. Risasi inayokwenda mita 240 kwa sekunde haipasui nyama pembeni yake kama inavyofanya ya baruti yenye kasi mara tatu. Inatoboa tundu pana, na mnyama hufa kwa kupoteza damu au kwa mapafu kuishiwa hewa. Kwa hiyo unataka ipite mpaka upande wa pili, na ikiwezekana iwe ya madini laini ya risasi, yenye pua bapa au yenye shimo. Kulungu aliyepigwa vizuri nyuma ya bega anaweza kukimbia mita 50 au zaidi kabla ya kuanguka, usimkimbilie. Dume la nguruwe lina ngao nene na ngumu chini ya ngozi mabegani, na mimi humpiga nyuma ya sikio akiwa karibu, au simpigi kabisa.

Aliyeuliza kuhusu darubini ya joto, inayoonyesha joto la mwili gizani, kwa nguruwe wa usiku: ni kifaa kizuri mno cha kumwona mnyama, ila kwa bunduki hizi kina hatari yake. Kinakuonyesha mwili unaong'aa bila kukuonyesha ardhi iliyo kati yenu, kwa hiyo jicho hupoteza kabisa uwezo wa kukadiria umbali, na tumeshaona umbali unavyoamua kila kitu hapa. Pia matawi membamba yaliyo mbele ya mnyama hayaonekani vizuri. Nunua yenye kipima umbali cha leza ndani yake, au pima mchana umbali wa kila mti na kila nguzo kutoka unapokaa, uandike.

Mkuu uliyesema una mtungi wa oksijeni wa kazini ambao ungeweza kujazia: tafadhali, usifanye hivyo kamwe. Oksijeni ya presha kubwa ikikutana na mafuta kidogo tu ndani ya vali hulipuka, na mlipuko huo utakuwa sentimita chache kutoka usoni mwako. Jaza hewa ya kawaida iliyokaushwa, kutoka kompresa yenye chujio la unyevu au duka la wapiga mbizi, na tumia grisi ya silikoni pekee kwenye mipira ya kuzibia upepo. Mitungi ya nyuzi za kaboni huku hupimwa kwa maji kila baada ya miaka 5, na mingi hustaafishwa ikifikisha miaka 15 tangu itengenezwe. Tarehe imeandikwa kwenye mtungi wenyewe, isome kabla ya kununua wa mkononi.

Na kwa dada aliyeuliza kama anaweza kurudi nayo Kenya: kuwinda kwa burudani kumepigwa marufuku Kenya tangu 1977, kwa hiyo hata ungeipata ruhusa ya kuimiliki, usingekuwa na mnyama wa kumlenga. Ukihamia Uingereza, bunduki ya upepo inayozidi futi-pauni 12 inahitaji cheti cha silaha za moto, na hii ya .45 ya mfano wetu inafikisha mara arobaini ya hapo. Iuze huku kabla hujafunga mizigo, ila darubini na kipima kasi uondoke navyo.

Wiki ijayo, upepo ukitulia, nitapima risasi ya greni 410 dhidi ya hii ya 350 kwa mita 50, 75 na 100, kwa mtungi ule ule na spiringi ile ile, nami nitaweka kasi ya kila risasi hapa pamoja na picha za karatasi.